Jinsi Spishi Mpya ya Kithiripi Inavyoelezwa na Kupewa Jina

Mkulima wa kunde aonapo matumba ya maua yakinyauka na kuanguka kabla ya kuchanua, mara nyingi hulaumu jua au upungufu wa mvua. Lakini akilikung'uta ua moja juu ya karatasi nyeupe, huenda akaona wadudu wembamba weusi, wenye urefu upatao milimita moja na nusu, wakikimbia huku na huko. Hao ni vithiripi wa maua ya kunde, ambao kwa jina la kisayansi huitwa Megalurothrips sjostedti. Mashambulizi yao yakiwa makali, mavuno yote yanaweza kupotea. Makala hii inaeleza jinsi mdudu mdogo kama huyu anavyopata jina, na faida ya jina hilo kwa kilimo.

Maumbile na maisha ya vithiripi

Vithiripi ni wadudu wa oda ya Thysanoptera, yaani wenye mbawa za matamvua, kwa kuwa kingo za mbawa zao zina nywele ndefu. Spishi zaidi ya 6,000 zimekwisha kuelezwa duniani. Taya lao la kushoto tu ndilo hukua; kwa hilo hutoboa seli za mmea, kisha hufyonza utomvu wake. Jike wa kithiripi wa kunde hupasua tishu za mmea na kutaga mayai humo. Tunutu hupitia hatua mbili za kula, kisha hatua mbili za kutulia ardhini bila kula, ndipo huwa mdudu kamili. Mayai yasiyorutubishwa hutoa madume.

Kielelezo kutoka Kilimanjaro

Kati ya mwaka 1905 na 1906, mtaalamu wa wadudu kutoka Sweden, Yngve Sjöstedt, aliongoza msafara wa kukusanya wanyama katika milima ya Kilimanjaro na Meru na nyika za Wamasai zilizo jirani. Vithiripi waliopatikana walichunguzwa na Filip Trybom, Msweden mwenzake. Mwaka 1908 Trybom alichapisha maelezo ya spishi hii na kuipa jina la kumkumbuka kiongozi wa msafara. Baadaye ilihamishiwa katika jenasi Megalurothrips. Ndiyo sababu jina la Trybom na mwaka 1908 huandikwa ndani ya mabano: mabano huonyesha kwamba jenasi ya sasa siyo ile ya awali.

Hatua za kueleza spishi mpya

Kwanza, wadudu hukusanywa na kuhifadhiwa katika alkoholi, pamoja na kibandiko kinachotaja mahali, tarehe, mmea na jina la mkusanyaji. Kielelezo kisicho na habari hizo hakina thamani kubwa.

Pili, mdudu husafishwa na kulazwa juu ya kioo cha hadubini, mbawa na papasi zikiwa zimekunjuliwa. Mchunguzi huhesabu pingili za papasi, hupima viungo, na huangalia mpangilio wa nywele. Kwa mfano, vithiripi wa jenasi Frankliniella wana nywele ndefu kwenye ukingo wa mbele wa pingili ya kwanza ya kifua, na safu kamili ya nywele juu ya mshipa wa kwanza wa ubawa. Megalurothrips hawana nywele ndefu mahali hapo pa mbele, na safu yao ya ubawani ina pengo.

Tatu, mdudu hulinganishwa na spishi zinazokaribiana naye. Hii ndiyo kazi ngumu kuliko zote, kwani tofauti ya rangi au ukubwa pekee yaweza kuwa ya kawaida ndani ya spishi moja. Siku hizi uchunguzi wa DNA husaidia, ingawa hauondoi haja ya hadubini.

Nne, maelezo huchapishwa. Kwa majina yaliyotolewa tangu mwaka 2000, kanuni za kimataifa zinadai kwamba kielelezo cha msingi kitajwe bayana. Kielelezo hicho huhifadhiwa katika makumbusho, na mwenye shaka yoyote hukirejea.

Faida ya jina sahihi

Katika maua ya maharage nchini Kenya hupatikana kithiripi wa kunde pamoja na Frankliniella schultzei, ambaye pia alielezwa na Trybom, mwaka 1910, na Frankliniella occidentalis, mwenye asili ya magharibi ya Amerika Kaskazini, aliyeelezwa mwaka 1895. Huyu wa mwisho amejenga usugu dhidi ya dawa nyingi. Aidha, spishi hizi mbili za Frankliniella hueneza virusi vinavyoleta madoa na mnyauko katika nyanya, nao huvipata wakiwa tunutu. Anayewachanganya wadudu hawa watatu aweza kunyunyiza dawa isiyofaa, kupoteza fedha, na kuua wadudu marafiki walao vithiripi.

Kwa hiyo jina si pambo la vitabuni. Ni ufunguo wa yote yaliyokwisha kujulikana kuhusu mdudu: chakula chake, maadui zake na njia ya kumdhibiti. Mwanafunzi au bwana shamba akutapo kithiripi asiyemfahamu, na amhifadhi katika alkoholi, aandike kibandiko kamili, na kumpeleka kwa wataalamu kabla dawa yoyote haijanunuliwa.