Matembezi katika Bonde la Mto Sigi

Likizo ya Desemba ilipofika, kijana mmoja wa darasa la sita na umbu lake wa darasa la tano walitoka Tanga kwenda Amani, katika milima ya Usambara ya Mashariki, kumwamkia babu yao. Siku ya tatu babu akawaambia, "Wajukuu zangu, kesho tutateremka hadi Sigi kwa njia ya msituni. Chukueni viazi vya kuchemsha, wala msiwe na haraka."

Amani imeinuka kadiri ya mita 900 juu ya bahari, na Sigi iko chini sana bondeni. Asubuhi wakaondoka. Wakaipita miti ya kwinini na mingine ya nchi za mbali, iliyopandwa katika bustani waliyoianzisha Wadachi mwaka 1902, kisha wakaingia msituni. Humo mlikuwa na giza kidogo na umande mwingi. Mizizi ya miti mikubwa ilisimama mfano wa kuta za nyumba, hata watoto wakajificha nyuma yake. Mbega walirukaruka juu, na hondohondo walipopita, mabawa yao yalivuma kama gari la moshi lipandalo mlima.

Penye mwamba uliolowa maji, yule binti akaona ua dogo la rangi ya zambarau, lenye majani manene ya manyoya. Kaka yake akanyosha mkono alingʼoe.

"Liache," akasema babu. "Ua hili lilipata sifa Ulaya tangu mwaka 1892, Mdachi mmoja, Saint Paul-Illaire, alipolipeleka kwa baba yake. Mwaka wa pili yake wataalamu wakaliita Saintpaulia, kwa jina lake." Siku hizi ua hilo hupandwa katika vyungu madirishani, Ulaya na Marekani, na wengi walitunzao kwa upendo hawajui kwamba kwao ni katika miamba hii ya Tanzania, wala kwamba msitu ukikatwa na kivuli kikaondoka, hunyauka hapo hapo.

Adhuhuri wakafika mahali vijito viwili vinapokutana kabla ya kuingia Sigi. Palikuwa na mawe ya kuvukia. Jua lilikuwa kali, na kijana akaruka juu ya jiwe la kwanza.

"Simama! Rudi!" akapaza sauti babu.

"Lakini babu, hakuna mvua!"

"Hapa hakuna. Tazama maji."

Kijana akarudi kwa shingo upande. Kweli, maji ya kijito cha kushoto yalikuwa maangavu, ila yale ya kulia yameanza kuwa mekundu, nayo yalichukua majani mabichi na vijiti. Babu akawaeleza kwamba kijito cha kushoto chatoka msituni, ambako majani yaliyooza chini ya miti huinywa mvua kama sifongo, kisha huiachilia kidogo kidogo. Kile cha kulia chatoka penye mashamba ya mteremkoni yasiyo na miti. Mvua ikinyesha huko, hupiga udongo mtupu, hutiririka upesi, na kuuchukua udongo pamoja nayo.

Hakuwa amemaliza maneno yake walipousikia mngurumo. Maji yakaja kwa kishindo, mekundu, yakivingirisha mawe. Lile jiwe la kwanza likafunikwa, na la pili, na la tatu. Kijana hakusema neno. Akaushika mkono wa umbu lake.

Wakaketi juu ya mwamba, wakala viazi. Binti akauliza, "Babu, udongo huu waenda wapi?"

"Waenda Sigi, na Sigi yaenda bwawa la Mabayani. Hayo ndiyo maji mnywayo ninyi huko Tanga."

Maji yalipopungua ilikuwa saa kumi. Babu akatangulia, akipima kina kwa fimbo yake, na watoto wakamfuata wameshikana mikono. Lile jiwe la kwanza halikuwapo tena mahali pake.