WAGENI WA KISERIAN
Somo la kuwatazama ndege wakimbiao baridi ya Ulaya

Mtu asafiriye asubuhi kutoka Nairobi kwa njia ya Magadi hupita Langata na Rongai, kisha hufika Kiserian, mji wa soko ulio karibu na vilima vya Ngong katika Kaunti ya Kajiado. Hapo huona maduka, magari ya abiria, ng'ombe wakiswagwa kwenda machinjioni, na nyumba mpya zikijengwa mahali palipokuwa malisho. Ni nadra kuinua macho yake juu. Lakini kati ya mwezi wa Oktoba na mwezi wa Aprili, juu ya nyaya za umeme na nguzo za seng'enge za mji huo huo, hukaa wageni waliosafiri mbali kuliko abiria yeyote wa njia ile, wala hawakulipa nauli. Ni ndege waliotoka Ulaya, Urusi na nchi nyingine za kaskazini wakikimbia baridi.

Somo hili laeleza wageni hao ni akina nani, jinsi watu wanavyokwenda kuwatazama wakiwa na kiongozi, na faida ipatikanayo kwa kuwaandika daftarini.

WANAFUATA NINI HUKU?

Mwezi wa Desemba, huko Ulaya ya kaskazini mchana huwa mfupi sana, maji huganda, na wadudu hawaonekani. Ndege alaye mbegu huenda akastahimili. Alaye nzi na panzi hana budi kuhama au kufa. Wakati huo huo, mvua za vuli zimekwisha nyesha Kajiado. Majani yamechipuka, kumbikumbi wametoka ardhini, na panzi ni tele. Basi majira ya baridi ya wenzetu wa kaskazini ndiyo majira ya karamu kwa ndege huku kwetu.

Zamani watu wa Ulaya hawakulijua jambo hili. Waliona mbayuwayu wakitoweka kila mwaka, na wengine, hata watu wa elimu, waliamini kuwa ndege hao hulala chini ya matope ya maziwa mpaka joto lirudi. Ukweli ulijulikana kwa kuwavika ndege pete ndogo za madini miguuni, kila pete na namba yake, na kuwaachilia. Kazi hiyo hufanywa Kenya pia. Huko Ngulia, katika Tsavo Magharibi, imekuwa ikifanywa tangu mwaka 1969, hasa usiku wa ukungu wa mwezi wa Novemba na Desemba, ndege wasafirio gizani wanapovutwa na taa.

Uko ndege mmoja ambaye habari zake hustaajabisha kuliko za wengine. Ni mdogo, mgongo wake ni wa rangi ya mchanga au kijivu, na kiuno chake ni cheupe, weupe unaoonekana ghafula anaporuka. Hupenda kusimama wima juu ya jiwe au kichuguu mahali pa wazi, akitikisa mkia. Mwaka 2012 wataalamu walitangaza matokeo ya uchunguzi wao: baadhi ya ndege hao walifungwa vyombo vidogo sana vya kupima mwanga wa mchana kule Alaska, katika Marekani. Waliporudi Alaska mwaka uliofuata, vyombo vilionyesha kuwa walikuwa wamevuka bara zima la Asia na kukaa majira yote ya baridi Afrika ya Mashariki. Safari hiyo ni kama kilometa 14,500 kuja, na nyingine kadiri hiyo kurudi. Naye ndege mwenyewe uzito wake ni gramu 25 hivi. Mchungaji wa Kiserian amwonaye juu ya kichuguu huenda asimfukuze tena kwa jiwe akizijua habari hizi.

MATEMBEZI YENYE KIONGOZI

Desturi ya kutoka pamoja kutazama ndege si ngeni Kenya. Mwaka 1909 kilianzishwa Nairobi chama cha watu wapendao kuchunguza viumbe vya asili vya Afrika ya Mashariki, ambacho siku hizi kinajulikana kwa jina la Nature Kenya. Mwaka 1971 Bi. Fleur Ng'weno alianzisha matembezi ya kila Jumatano asubuhi, watu wakikutana kwenye Jumba la Makumbusho la Nairobi na kugawana nafasi katika magari kwenda mahali palipochaguliwa. Aliyaongoza kwa miaka mingi. Mgeni asiyejua kutofautisha mwewe na kipanga alipokewa sawa na bingwa, na asiye na darubini aliazimwa ya mwenziwe. Hivyo ndivyo baadhi ya vijana walivyojifunza kazi ambayo baadaye iliwapa riziki ya kuwaongoza watalii.

Njia ya Magadi, ipitayo Kiserian, ni mojawapo ya sehemu zipendwazo sana na watazamaji wa ndege. Sababu yake ni kuwa kwa mwendo mfupi nchi hubadilika mara nyingi. Kiserian pana mashamba, bustani na bwawa. Ukipanda kidogo wafika Corner Baridi, begani mwa vilima vya Ngong, mahali penye upepo mkali na majani mafupi. Toka hapo barabara hushuka katika Bonde la Ufa, penye joto, miiba na mawe, kuelekea Olorgesailie na mwisho Ziwa Magadi lenye magadi na heroe. Kila ngazi ya mteremko ina ndege wake.

Kiongozi mwema huanza safari mapema, maana jua likisha kuwa kali ndege hutulia vichakani. Huwataka watu wavae nguo zisizong'aa, waseme kwa sauti ya chini, na wasifunge milango ya gari kwa kishindo. Hapiti boma la watu bila kusimama na kusalimu, wala haingii shamba la mtu bila ruhusa. Tena hujua kuwa mara nyingi mwenye boma ana elimu isiyo vitabuni. Kwa hiyo baada ya kuulizana hali ya ng'ombe na ya mvua, huuliza: "Mzee, ni ndege gani uliyemwona sana ulipokuwa kijana, na sasa humwoni?" Jibu la swali hilo lastahili kuandikwa kwa makini kuliko jina la ndege yeyote aonekanaye siku hiyo.

JINSI YA KUMTAMBUA NDEGE

Mwanafunzi mgeni hukimbilia rangi, na rangi humdanganya, maana jua likiwa nyuma ya ndege kila kitu huwa cheusi. Yafaa afuate utaratibu huu:

1. Ukubwa. Amlinganishe na ndege amjuaye: ni kama shomoro, kama njiwa, au kama kuku?

2. Umbo na mdomo. Mdomo mnene ni wa kuvunja mbegu. Mwembamba ni wa kushika wadudu. Uliopinda kama ndoana ni wa kurarua nyama.

3. Mkia na mabawa. Mbayuwayu wa Ulaya ana mkia uliogawanyika kama uma mrefu. Tai ana mabawa mapana. Kozi ana mabawa membamba yaliyochongoka.

4. Mwenendo. Je, hutembea au huruka-ruka? Hukaa peke yake au kundini? Keremkerem wa Ulaya huruka kutoka juu ya waya, humnasa nyuki hewani, kisha hurudi na kumpigapiga juu ya waya mpaka mwiba usimdhuru.

5. Mahali na majira. Hili ndilo wengi hulisahau. Corner Baridi kuna ndege mweusi na mweupe asimamaye juu ya mawe mwaka mzima. Huyo ni mwenyeji, huzaa huko huko. Jamaa zake wafananao naye ni wageni wa baridi tu. Mtu akidai kumwona mmoja wa wageni hao mwezi wa Julai, kiongozi atamwomba atazame tena.

Baada ya hayo yote ndipo rangi itazamwe, na mwisho kabisa kitabu kifunguliwe. Anayefungua kitabu kwanza humpoteza ndege, naye haruki mara mbili kwa ajili ya msomaji.

DAFTARI NI SHAHIDI

Watu wengi huona kuwa furaha ya matembezi yatosha. Ni kweli kwamba furaha ipo; lakini faida kubwa i katika daftari. Kila orodha iandikwe tarehe, saa, mahali, majina ya ndege na idadi yao. Hata ndege wa kawaida waandikwe, kwa maana yule wa kawaida leo huenda akawa adimu kesho, na hapo watu watauliza alipungua lini.

Mfano wake ni huu. Kati ya mwaka 1970 na 1977 watu walisafiri barabara za Kenya wakihesabu ndege wawindao na walao mizoga. Hesabu hizo zikahifadhiwa. Kisha kati ya mwaka 2003 na 2020 hesabu zikafanywa tena barabarani. Matokeo yalipolinganishwa na kutangazwa mwaka 2022, ilionekana kuwa kati ya aina 22 zilizochunguzwa, aina 19 zilikuwa zimepungua. Kama wale wa kwanza wangalitazama tu na kufurahi na kurudi nyumbani, nani angaliweza kuthibitisha upungufu huo? Mzee angalisema, "Zamani tai walikuwa wengi," na kijana angalimjibu kuwa wazee husifu siku zao daima.

Siku hizi orodha hizo hukusanywa kutoka pande zote za nchi katika mpango wa ramani ya ndege wa Kenya, na mtu aweza kuzipeleka kwa simu yake ya mkononi. Tena kila mwezi wa Januari ndege wa majini huhesabiwa katika nchi nyingi za dunia kwa wakati mmoja, na Kenya imeshiriki tangu miaka ya 1990. Bata, vitwitwi na korongo wasiotambua mipaka ya nchi hawawezi kuhesabiwa vema na nchi moja peke yake.

JAMBO HILI LAMHUSU MFUGAJI

Huenda mfugaji akauliza, "Mimi nina ng'ombe wa kulinda, ndege hawa wanifaa nini?" Korongo mweupe wa Ulaya hula nzige na viwavijeshi, ambao ni adui za malisho na mahindi. Tai watokao nyika za Urusi na Kazakhstan hukusanyika baada ya mvua na kula kumbikumbi. Tumbusi, ambaye si mgeni bali ni mwenyeji, humaliza mzoga kwa muda mfupi kabla haujaoza na kueneza maradhi.

Lakini huyo tumbusi yu katika hatari kubwa. Fisi au simba akiua ng'ombe, mara nyingine mwenye mali kwa hasira hutia sumu katika mzoga. Mkosaji huenda asirudi. Tumbusi hushuka kwa makumi na kufa papo hapo. Naye huzaa yai moja tu kwa mwaka, hata pengo la siku moja huchukua miaka mingi kuzibwa. Majabali ya Kwenia, katika Kajiado hii hii, ni mahali tumbusi wafanyapo viota vyao, na aina hiyo imo katika orodha ya ndege walio karibu kabisa kutoweka duniani. Boma lililojengwa imara humlinda ng'ombe, wala halimwui tumbusi.

Tena kutazama ndege kumekwisha kuwa kazi ya mshahara. Mwaka 2021 mitambo 60 ya upepo ya Kipeto, katika Kajiado, ilianza kutoa umeme. Mapanga yake marefu yaweza kumwua ndege mkubwa apitaye. Kwa hiyo watu wa mahali hapo walifundishwa kuwatambua ndege kwa mbali. Wakimwona tumbusi anakaribia, hutoa habari na mtambo husimamishwa mpaka apite. Macho ya mtu aliyefunzwa husimamisha chuma kirefu kuliko mnara. Elimu hiyo ni ile ile ya kwenye matembezi: ukubwa, umbo, mabawa, mwenendo, mahali.

SHAURI KWA WASOMAJI

Hakuna haja ya kungoja mali ndipo mtu aanze. Mwalimu aweza kuwatoa wanafunzi wake asubuhi moja kwa juma wakiwa na daftari na kalamu tu. Kijana wa mjini aweza kutazama nyaya za umeme akingojea gari. Mchungaji, ambaye yuko mbugani tangu alfajiri, ana nafasi kuliko wote. Analokosa ni kuandika aonayo.

Malisho ya Kiserian yanagawanywa viwanja, na nyumba zinaongezeka kila mwaka. Watu wahitaji makao, wala hakuna awezaye kuwalaumu. Lakini mgeni aliyetoka Alaska hajui kuwa jiwe lake limejengewa ukuta mpaka afike. Wenyeji ndio watakaojua kama amepata jiwe jingine au amekwenda zake, nao watajua ikiwa tu yuko aliyeandika siku alipofika.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini ndege walao wadudu huhama Ulaya wakati wa baridi, na Kajiado huwapa nini?
2. Ni mambo gani matano yatazamwayo kabla ya rangi ya ndege?
3. Eleza jinsi hesabu za miaka ya 1970 zilivyofaa miaka mingi baadaye.
4. Taja ndege mmoja ambaye wazee wa kwenu walimwona sana, naye sasa ni adimu. Andika jina lake katika lugha yenu, na mahali alipoonekana mara ya mwisho.