Kujifunza Kiingereza kwa Intaneti: Sikio Litangulie

Mfano ufuatao si habari ya mtu fulani, lakini wasomaji wengi watayatambua mambo yake. Mama mmoja amefanya kazi jikoni kwa miaka mitatu katika hoteli ndogo ya Malindi. Anapata habari kwamba hoteli iliyo kubwa zaidi inatafuta wapishi, naye anapeleka barua iliyoandikwa vizuri. Siku ya tatu simu yake inalia. Anayesema ni meneja, mgeni asiyejua Kiswahili, naye anauliza upesi upesi: "So you haven't worked in a kitchen before?" Mama huyu ameelewa kila neno. Kwa adabu anajibu, "No," na maana yake ni kwamba sivyo, jikoni amefanya kazi sana. Meneja anashukuru na kukata simu. Kazi imempotea, wala hajui sababu.

Kosa lake halikutokana na uchache wa maneno. Katika Kiswahili, mtu akiulizwa "Hujala?" naye kweli hajala, hujibu "Ndiyo, sijala," maana anayakubali maneno ya mwulizaji. Kama amekwisha kula, husema "La, nimekula." Kiingereza hakifuati njia hiyo. Mwingereza hayaangalii maneno ya swali, huliangalia tendo lenyewe. Tendo likiwa limetendeka, jibu ni "Yes". Likiwa halikutendeka, jibu ni "No", hata kama swali limeulizwa kwa kukana. Basi mama yule angalijibu, "Yes, I have," kazi ingalikuwa yake. Na yafaa kuyaangalia sana maneno mawili yanayofuata hilo "Yes", maana hayo ndiyo yenye nguvu. Hata ulimi ukiteleza katika neno la kwanza, "I have" itamwonyesha msikilizaji ukweli ulipo.

Mambo ya namna hii hayapatikani kwa kukariri orodha za maneno. Hupatikana kwa kuwasikia watu wakiulizana na kujibizana mara nyingi, mpaka sikio lizoee. Ni kweli kwamba Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo, fomu nyingi, mikataba ya kazi na maelezo ya dawa huja kwa Kiingereza. Wengi waliokisoma shuleni walikisoma kwa macho, yaani kwa kitabu na ubao. Gazeti wanalisoma, barua wanaiandika, lakini wakipigiwa simu na mtu asemaye haraka hushikwa na bumbuazi.

Kufundisha Kiingereza kwa sauti si jambo jipya. Shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, lilianza masomo ya Kiingereza kwa redio mwaka 1943, vita vikuu vikiwa bado vinaendelea. Mwaka 1959 redio ya Marekani, Voice of America, ilianzisha matangazo yaliyoitwa Special English, ambayo yalisomwa polepole kuliko desturi na kwa maneno yapatayo 1,500 tu. Matangazo hayo yaliwafaa watu wengi, lakini yalikuwa na upungufu mmoja: neno likimpita msikilizaji, limekwenda. Hakuweza kumwambia mtangazaji, "Tafadhali, rudia."

Leo, kwa intaneti, aweza. Hiyo ndiyo faida kubwa ya masomo haya, na inapita picha na rangi zote yanazopambiwa. Mtu aliye na simu aweza kusimamisha sauti, kuirudisha nyuma, na kusikiliza sentensi moja mara kumi bila mwalimu kukasirika. Katika masomo ya BBC kuna kipindi kiitwacho 6 Minute English, ambamo watu wawili huzungumza kwa muda wa dakika sita hivi, na maneno yao yote yameandikwa chini ili yasomwe baadaye. British Council nao wana masomo yaitwayo LearnEnglish, ambamo mazoezi ya kusikiliza yamepangwa kwa madaraja kuanzia A1, ambayo ni ya wanaoanza, hadi C1. Masomo haya hayatozwi ada, ingawa bando la simu hununuliwa. Asiye na fedha nyingi na achague sauti tupu badala ya video. Sauti ya kawaida hutumia kama MB 1 kwa dakika, hivyo somo la dakika sita ni kama MB 6 tu, lakini video huzidi hapo mara nyingi. Tena sauti ikiisha kupakuliwa hukaa ndani ya simu, ikasikilizwa shambani au ndani ya matatu bila gharama nyingine.

Ama wale wanaotangaza kwamba watamfundisha mtu Kiingereza chote kwa siku saba, tena kwa malipo, heri fedha hiyo inunue unga.

Sasa ni kazi yenyewe. Watu wengi husikiliza somo lote mara moja, huku wakiyasoma maandishi, kisha hujiona wameelewa. Walioelewa hapo ni macho. Sikio lilikuwa limelala. Afadhali kuchagua kipande kifupi, hata cha dakika moja. Kwanza kisikilizwe bila kutazama maandishi, ili kujua tu nani anasema na anataka nini. Kisha kisikilizwe tena sentensi kwa sentensi, na mwanafunzi aandike kwa kalamu yale anayoyasikia, akiacha nafasi pale asiposikia kitu. Baada ya hapo ndipo afungue maandishi na kulinganisha. Nafasi zile tupu ndizo somo lake la siku hiyo. Mwisho asome kwa sauti pamoja na msemaji, akimfuata nyuma kama kivuli, hata kama jirani watacheka.

Mwenye kufanya hivi atagundua jambo la ajabu: mengi ya maneno yaliyompita ni madogo, na alikuwa akiyajua. Sababu ni hii. Kiswahili hutamka silabi zake zote waziwazi, na mkazo hukaa karibu siku zote katika silabi ya pili kutoka mwisho. Kiingereza huikaza silabi moja na kuzimeza zile za jirani. "A cup of tea" husikika kama "akapatii", na lile "of" limebaki kama pumzi tu. "Did you eat?" huwa kama "dijuiit?" Mkazo nao huhamahama: katika "photograph" umekaa mwanzoni, lakini katika "photographer" umesogea silabi ya pili. Kadhalika irabu. Kiswahili kina irabu tano, lakini Kiingereza cha Uingereza huhesabiwa kuwa na sauti za irabu zipatazo 20. Kwa hiyo "ship", ambayo ni meli, na "sheep", ambaye ni kondoo, huwa kitu kimoja katika sikio lisilozoezwa, na "hat", "hut" na "heart" huwa kama ndugu mapacha watatu.

Kuna jozi moja inayostahili kuangaliwa kuliko kondoo na meli, maana inagusa mfuko. Mtu akiambiwa mshahara wake ni "fifteen thousand" naye akasikia "fifty thousand", atakwenda nyumbani akipiga hesabu ya shilingi 50,000 ilhali ameahidiwa 15,000. Mwisho wa "fifteen" huvutwa na kufungwa kwa sauti ya "n". Mwisho wa "fifty" ni mfupi, na mkazo wake uko mwanzoni. Lakini katika simu yenye kelele hata Waingereza wenyewe hutatizika, ndiyo maana wao huuliza, "One five or five zero?" Si aibu kuuliza hivyo. Afadhali kuuliza kabla ya kutia sahihi.

Maneno "can" na "can't" nayo yana mtego. Katika "I can come", neno "can" humezwa likawa kama "kn", na nguvu yote huangukia "come". Katika "I can't come", "can't" hutamkwa kwa uzito, na Waingereza wa kusini huivuta irabu yake. Ile "t" ya mwisho mara nyingi haisikiki kabisa. Basi anayeingoja "t" atakosea. Na ausikilize uzito wa neno.

Saa za Kiingereza zimewapotosha wengi, hata waliosoma. Siku ya Mswahili huanza alfajiri, ya Mwingereza huanza usiku wa manane, kwa hiyo kati ya hesabu hizi mbili kuna tofauti ya saa sita. "Seven o'clock" ni saa moja. "Half past seven" ni saa moja na nusu. "Quarter to three" mchana ni saa tisa kasorobo, na mtu aliyelisikia neno "three" peke yake atafika robo saa baadaye akute mlango umefungwa. Anayepewa miadi na airudie kwa sauti mbele ya aliyempa: "Quarter to three, in the afternoon?"

Katika sarufi, kipo kitu kimoja kidogo kinachowasumbua wasemaji wa Kiswahili, nacho ni kile kiambishi "-me-". Shuleni walifundishwa kwamba "nimefanya" ni "I have done", na kwa kweli ni sawa. Lakini "-me-" ya Kiswahili ina kazi ya pili: huonyesha hali aliyo nayo mtu sasa hivi. "Amelala" mara nyingi maana yake ni kwamba yuko usingizini, na Kiingereza chake ni "He is asleep." "Nimechoka" ni "I am tired." "Amesimama mlangoni" ni "She is standing at the door," na "amevaa kanzu" ni "He is wearing a kanzu." Mtu akisema "He has slept" kwa maana ya "amelala", msikilizaji atafikiri kwamba mgonjwa alilala na sasa ameamka, na muuguzi wa zamu aweza kudanganyika hapo.

Jambo jingine la "have" ni siku. Maadamu siku imetajwa, kama jana au mwaka 2019, "have" haina nafasi. "I saw him yesterday" ni sawa. "I have seen him yesterday" si sawa. Kwa hili Kiswahili humsaidia mwanafunzi, kwa kuwa nacho husema "nilimwona jana" bila kutumia "-me-". Aliyekuwa akikosea hapa alikuwa amekiacha Kiswahili chake nyuma bila sababu.

Pengine Kiswahili huunganisha na Kiingereza hutenga. "A-" ya "anakuja" ni ya mume na mke pia, ndiyo maana watu wasiokosa elimu husikika wakisema "my sister, he is coming". Neno "azima" huenda pande mbili: "niazime kalamu", na tena "nimeazima kwa jirani". Kiingereza kina maneno mawili hapo. Anayetoa ana "lend", anayepokea ana "borrow". "Borrow me your pen" ni kosa linalosikika kila siku. Nalo neno "sikia" limebeba mengi: njaa, harufu, baridi, sauti. Kwa Kiingereza ni sauti tu inayochukua "hear", mwenye njaa husema "I am hungry" au "I feel hungry."

Wala mtu asihangaike kuigeuza sauti yake iwe ya London. Anayesema Kiingereza kwa matamshi ya Kenya, mradi anaeleweka, amefika. Ila sikio lake na lizoee sauti za watu wengi, wa Scotland, wa Marekani, wa India na wa Nigeria, maana meneja wa kesho hajulikani atatoka wapi.

Haya basi mazoezi ya juma hili. Yaandikwe kwanza katika daftari, na jicho lisikimbilie majibu.

La kwanza: Unaishi Kisumu, na mtu anakuuliza, "Don't you live in Kisumu?" Utajibuje? La pili: Daktari anauliza hali ya mtoto wako, naye wakati huo yuko usingizini. Sema "Mtoto amelala." La tatu: "Nilimpigia simu juzi." La nne: "Tafadhali niazime jembe lako." La tano: "Njoo saa nne na robo asubuhi." La sita: Hujapata kufika Mombasa, na mgeni anauliza, "Haven't you been to Mombasa?"

Majibu. La kwanza, "Yes, I do." La pili, "The child is asleep," au "The child is sleeping." La tatu, "I called him the day before yesterday," au "her", kama aliyepigiwa ni mwanamke. La nne, "Please lend me your hoe." La tano, "Come at quarter past ten in the morning." La sita, "No, I haven't."