Anzia na Nyota Tatu

Ukiwa Nairobi, Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam, Januari na Februari ndiyo miezi ya kujifunza anga la usiku. Mvua za vuli zimepita, na nyota nyingi angavu ziko juu kwa pamoja.

Chagua usiku kwanza. Mbalamwezi hufifisha nyota. Toka kuanzia siku ya tano baada ya mwezi mpevu, endelea hadi mwezi mpya uandame. Siku hizo mwezi huchelewa kuchomoza.

Tafuta mahali ambapo taa haikupigi usoni: nyuma ya nyumba, ufukweni, juu ya paa. Yape macho dakika 20 yazoee giza. Simu iweke mfukoni. Ukiichungulia mara moja tu, macho yanaanza upya.

Mwanzoni mwa Februari, saa tatu usiku, tazama juu utosini. Utaona nyota tatu zimejipanga kwenye mstari mfupi, zimeachana sawasawa. Huo ni mkanda wa Jabari, kundi linaloitwa pia Orioni. Nyota huwahi dakika 4 kila usiku, kwa hiyo mwanzoni mwa Januari ungoje hadi karibu saa tano. Usiende kwingine kabla hujaupata mkanda. Huo ndio utakaokuonyesha nyingine.

Kaskazini ya mkanda kuna Betelgeuse, nyekundu ya kuelekea chungwa. Kusini kuna Rigel, nyeupe yenye ubuluu. Zitazame kwa zamu, moja kisha nyingine, mpaka rangi zijitenge. Hapa huhitaji chombo chochote.

Sasa nyoosha mkono, kunja ngumi. Fuata mstari wa mkanda kuelekea kusini-mashariki kiasi cha ngumi mbili. Hiyo ni Sirius, nyota inayong'aa kuliko zote za usiku. Rudi kwenye mkanda, ufuate upande wa pili, ngumi mbili na ushee: Aldebaran, nyekundu. Songa mbele kidogo ukutane na Kilimia, kishada cha nyota ndogo zilizosongamana, ambacho wakulima walikitazama kujua majira ya kulima. Zihesabu. Wengi huona sita.

Kisha geukia kusini. Nyota kali iliyosimama karibu nusu ya njia kati ya upeo na utosi ni Suheli, ya pili kwa mwangaza baada ya Sirius. Kwenye programu za simu imeandikwa Canopus.

Tuje kwenye sayari. Nyota humetameta, sayari hutulia. Kipimo hiki kitumie kwa kitu kilichopanda juu. Karibu na upeo hata sayari huchezacheza. Na sayari hupita njia ileile ya jua na mwezi, kwa hiyo usizitafute kule kusini kwa Suheli.

Zuhura haiachani na jua. Itafute magharibi baada ya jua kuzama, au mashariki kabla ya kucha. Ukiona kitu kikali, kimetulia, kiko utosini usiku wa manane, hiyo si Zuhura, yaelekea ni Mshtarii. Ukipata darubini ya mkononi, egemeza viwiko ukutani uielekeze hapo. Vitone vidogo vilivyopangana kando yake ni miezi yake mikubwa, ile aliyoiona Galileo mwaka 1610.

Mirihi huwachanganya wengi kwa wekundu wake. Wewe umeshazijua Betelgeuse na Aldebaran. Ukikuta nyekundu ya tatu pale juu, nayo haimetimeti, ishuku. Ichore kwenye daftari pamoja na nyota za jirani, uitazame tena baada ya wiki mbili. Ikiwa imehama, umeipata.

Mwisho kabisa ndipo ufungue Stellarium, programu inayopatikana bure, uhakikishe majibu yako. Punguza mwanga wa skrini, na usiitumie karibu na gari au mabati, maana chuma huivuruga dira ya simu.

Machi masika huanza kuingia, na mawingu hufunga anga kwa siku nyingi. Usingoje, toka usiku wa leo kama kuko kweupe.