Kuainisha Stempu za Mashine za India: Ushahidi wa Sarafu

Utangulizi

Stempu ya mashine ni chapa ya malipo ya posta ambayo kampuni au ofisi hujipigia kwenye bahasha kwa mashine yenye leseni, badala ya kubandika stempu ya karatasi. Makala hii inadhamiria kuonyesha jinsi chapa za aina hiyo kutoka India zinavyoweza kutambuliwa na kuainishwa.

Sehemu za chapa

Chapa kamili huwa na sehemu tatu: stempu yenyewe, iliyo na fremu, jina la nchi na thamani, muhuri wa mji na tarehe, na tangazo la mwenye mashine. Uainishaji hutegemea sehemu ya kwanza. Tangazo hubadilishwa kwa urahisi. Hivyo bahasha mbili zenye matangazo tofauti huenda zikawa zimepigwa na mashine moja.

Kigezo cha sarafu

Kabla ya Aprili 1957, rupia moja ya India ilikuwa na ana 16, na kila ana pai 12. Tarehe 1 Aprili 1957 rupia iligawanywa katika naya paisa 100. Neno naya, lenye maana ya 'mpya' kwa Kihindi, liliachwa tarehe 1 Juni 1964, ikabaki paisa. Basi pale ambapo tarehe imefifia, thamani husaidia: ana huelekeza kabla ya 1957, naya paisa kati ya 1957 na 1964, na paisa baada ya hapo. Msamiati huu si mgeni kwa Mswahili. Rupia ya India ilitumika Kenya hadi 1920, na neno pesa lina nasaba moja na paisa.

Tahadhari

Hata hivyo, sarafu hueleza umri wa tarakimu, si wa fremu. Mashine ya zamani yaweza kubadilishwa tarakimu tu, fremu ikabaki ile ile. Chapa mbili za namna hiyo ni vijitanzu vya aina moja, wala si aina mbili.

Hitimisho

Kwa hivyo, mwainishaji aanze na fremu, afuatishe thamani, kisha mji na tarehe. Tangazo liwe la mwisho. Aidha, bahasha isikatwe: anayebakiza stempu peke yake huupoteza muhuri wa tarehe, ambao ndio shahidi wa kuithibitisha au kuikanusha hoja ya sarafu.