Mbao za Tuta la Mboga: Zipi ni Salama?

Tuta la mboga lililozungushiwa mbao ni zuri. Mvua haichukui udongo, na mbolea haipotei. Lakini mbao hizo hukaa ndani ya udongo, na mboga hupata chakula chake katika udongo huo huo. Ubao ukiwa na sumu, sumu yaweza kufika mpaka kwenye sahani yako.

Usitumie nguzo kuukuu za umeme wala mataruma ya reli. Ni kweli, mchwa hawazili. Hawazili kwa sababu zimetiwa dawa. Nyingine zina kreosoti, mafuta meusi yanayonuka kama lami. Mafuta hayo huunguza ngozi na yanaweza kuleta kansa. Nyingine zina dawa inayoacha rangi ya kijani. Ndani yake mna shaba, kromiamu na arseniki. Arseniki ni sumu kali. Mvua huitoa katika mti kidogo kidogo na kuiingiza ardhini.

Vipande vya nguzo hizo visiwe kuni pia. Moshi wake una sumu, na arseniki hubaki katika majivu. Mbuzi akilamba majivu hayo anaweza kufa.

Wengine hupaka mbao oili chafu ya magari. Hiyo nayo si dawa ya bustani. Iache.

Basi tutumie mti gani? Mninga, mkongo, mvule na mtiki hudumu bila dawa. Lakini kinachodumu ni kiini, yaani sehemu ya ndani yenye rangi nzito. Sehemu nyeupe iliyo karibu na gome huoza upesi, hata kama mti ni mninga. Kwa hiyo ukienda kwa wapasua mbao kuomba mabanzi, yatazame vizuri. Mengi ni meupe. Chagua yenye kiini. Usikate mti wa msituni kwa ajili ya mchicha. Kibali kinatakiwa, na mti huo una thamani kubwa zaidi.

Penye mawe au matofali ya kuchoma, mbao si lazima. Panga kimo cha sentimita 20 hadi 30. Upana usizidi mita 1, ili mkono ufike katikati bila kukanyaga udongo.

Kama tuta lako tayari lina nguzo yenye dawa, ing'oe. Chota udongo uliogusana nayo, uuzike mbali na kisima. Kisha nawa mikono kwa sabuni.