Umeasili Mtoto? Hivi Ndivyo Unavyobadilisha Stakabadhi Zake

Siku Mahakama Kuu inapotoa amri ya kuasili, mtoto hupata wazazi kisheria. Kuanzia siku hiyo huhesabiwa kama aliyezaliwa na wazazi waliomwasili. Haki na wajibu wa wazazi wake wa awali hukoma, naye hupata haki ya kulelewa, kusomeshwa na kurithi sawa na watoto wengine wa nyumba hiyo.

Hata hivyo, amri ya mahakama peke yake haibadilishi jina la mtoto kwenye rejista ya shule, kwenye bima ya afya wala kwenye pasipoti. Kazi hiyo inabaki kwa mzazi. Familia nyingi huweka amri hiyo kabatini zikidhani mambo yamekwisha, kisha hugutuka mtoto anapotakiwa kusajiliwa kwa mtihani wa kitaifa au anapolazwa hospitalini.

Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto haki ya kuwa na jina na uraia tangu kuzaliwa. Stakabadhi zinazolingana ndizo zinazomwezesha kuidai haki hiyo bila usumbufu. Wakazi wanashauriwa kufuata hatua zifuatazo kwa mpangilio huu.

Hatua ya kwanza: Kagua amri ya mahakama

Chukua nakala iliyothibitishwa ya amri kutoka masjala ya mahakama, kisha isome kabla ya kuipeleka popote. Angalia jina jipya la mtoto herufi kwa herufi, tarehe ya kuzaliwa, mahali alipozaliwa, na majina ya wazazi jinsi yalivyo kwenye vitambulisho vyao.

Kosa dogo hapa hurudiwa katika kila stakabadhi itakayofuata. Ukiliona, mwombe wakili wako arudi mahakamani lirekebishwe. Usikubali kuambiwa kwamba litarekebishwa mbele ya safari, kwa sababu ofisi nyingine hazina mamlaka ya kubadilisha kilichoandikwa na jaji.

Hatua ya pili: Pata cheti cha uasili

Amri hupelekwa kwa Msajili Mkuu, aliye chini ya Ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Yeye ndiye mtunzaji wa Rejista ya Watoto Walioasiliwa. Mtoto akiingizwa humo, mzazi hupewa cheti cha uasili.

Wengi huuliza kwa nini hawapewi tu cheti kipya cha kuzaliwa. Sababu ni kwamba rejista ya vizazi na rejista ya watoto walioasiliwa ni mbili tofauti. Kama kuzaliwa kwa mtoto kulikuwa kumesajiliwa, maandishi hayo ya awali hayafutwi. Huwekwa alama ya kuonyesha kwamba mtoto ameasiliwa. Nakala iliyothibitishwa kutoka Rejista ya Watoto Walioasiliwa ndiyo inayokubalika kisheria kama ushahidi wa uasili na wa tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa humo. Kwa hiyo, panapotakiwa cheti cha kuzaliwa, mzazi huwasilisha cheti cha uasili.

Kumbukumbu zinazounganisha rejista hizo mbili ni za siri na hazifunguliwi kwa umma.

Hatua ya tatu: Peleka cheti kila panapohusika

*Shule.* Mpe mwalimu mkuu nakala ya cheti, umwombe abadilishe jina katika rejista ya shule na katika mfumo wa kielektroniki wa Wizara ya Elimu. Fanya hivyo mapema, kabla ya usajili wa mitihani ya Gredi ya 6 na Gredi ya 9. Jina linalotumwa kwa Baraza la Mitihani la Kenya ndilo litakaloandikwa kwenye matokeo, na kulibadilisha baadaye ni kazi ngumu. Kwa watoto wa chekechea, ambazo ni jukumu la serikali ya kaunti, zungumza na mwalimu anayesimamia kituo.

*Afya.* Mwandikishe mtoto kama mtegemezi wako katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua mahali pa NHIF mwezi Oktoba 2024. Beba pia kijitabu cha kliniki ukienda katika kituo cha afya, ili kumbukumbu za chanjo zifuate jina jipya na mtoto asionekane kama ambaye hakuchanjwa.

*Pasipoti.* Kama mtoto alikuwa na pasipoti kwa jina la awali, omba mpya kupitia eCitizen ukitumia cheti cha uasili. Usisafiri naye akiwa na pasipoti yenye jina moja na cheti chenye jina lingine.

*Basari na akaunti ya benki.* Badilisha majina kabla ya msimu wa maombi, kwani fomu yenye jina lisilolingana na vyeti inaweza kukataliwa.

Mtoto akifikisha miaka 18 ataomba kitambulisho cha kitaifa. Jina lililo kwenye cheti cha uasili likifanana na la vyeti vya shule, hatalazimika kueleza maisha yake yote mbele ya dirisha la msajili.

Ikiwa mtoto hana cheti chochote

Baadhi ya watoto huokotwa bila karatasi yoyote. Kifungu cha 14 cha Katiba kinasema kwamba mtoto anayepatikana nchini akiwa, au akionekana kuwa, chini ya miaka minane, na ambaye uraia wake na wazazi wake hawajulikani, huchukuliwa kuwa raia wa kuzaliwa. Naye mtoto asiye raia akiasiliwa na Mkenya, Kifungu cha 15 kinampa haki ya kusajiliwa kuwa raia baada ya kuomba. Haji kuwa raia moja kwa moja. Ni lazima ombi lipelekwe.

Mambo ya kuepuka

Usimsajili mtoto wa mwingine kana kwamba ulimzaa wewe, hata kama ni mtoto wa marehemu dada yako na nia yako ni njema. Kutoa habari za uongo kwa msajili wa vizazi ni kosa la jinai, na cheti cha namna hiyo kikipingwa, anayeumia ni mtoto. Urithi na hata jina lake vinaweza kutiliwa shaka.

Barua ya chifu au makubaliano ya kifamilia hayachukui nafasi ya amri ya mahakama. Nyanya au mjomba anayemlea mtoto bila kutaka kumwasili anaweza kuomba ulezi wa kisheria. Kwa Waislamu, Sheria ya Watoto ya 2022 inatambua kafala. Njia hizi hazifanani na uasili, na si lazima jina la mtoto libadilike.

Usimlipe mtu yeyote anayeahidi mtoto au cheti cha haraka. Sheria inakataza malipo ya kumpata mtoto wa kuasili.

Kabla ya kutoka nyumbani

Beba nakala iliyothibitishwa ya amri, cheti cha uasili, vitambulisho vya wazazi na stakabadhi za zamani za mtoto. Toa nakala za kutosha na usiache cheti halisi katika ofisi yoyote. Stakabadhi za zamani zisichanwe wala kuchomwa. Zihifadhi, maana huenda zikahitajika kuthibitisha kwamba majina hayo mawili ni ya mtoto mmoja.

Kwa ushauri, muone afisa wa watoto katika kaunti ndogo yako. Anayejua mtoto aliye hatarini, au anayeshuku kwamba mtoto anauzwa, apige simu bila malipo kwa nambari 116.